Kabla hujatengeneza cheti na ufunguo wa seva yako, vile vinavyoipa tovuti https, pitia haya kwanza

Mepesi nayamaliza haraka. Domeini iwe imeshaelekezwa kwenye seva, sio itaelekezwa kesho. Poti 80 iwe wazi, maana uhakiki wa kawaida wa Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti bure, unapita hapo. Andika majina yote, lenye www na lisilo na www, Chrome tangu 2017 haisomi tena lile jina moja la zamani la Common Name, inasoma SAN tu, ile orodha ya majina ndani ya cheti. Ufunguo wa RSA usipungue biti 2048. Na ukiwa unajaribu jaribu tumia seva ya majaribio ya Let's Encrypt, ukichukua cheti cha majina yale yale mara 5 ndani ya siku 7 cha 6 hupewi.

Saa ya seva nayo. Sie wenye umeme wa kukatika katika hili tusilidharau, seva ya ofisini ikiwa kile kibetri cha kwenye ubao kimekufa basi umeme ukirudi inaamka na tarehe ya miaka ilopita, na yenyewe inakiona cheti kizima kabisa kama hakijaanza kutumika.

Sasa tuje kwenye ufunguo wa siri, hapa ndo khasa nnapotaka unisikilize.

Cheti hakina siri, seva inampa kila anaekuja. Ufunguo ndo siri, na cheti kinafungwa na ufunguo mmoja tu, ule ulotoa lile ombi la kuomba cheti, CSR. Mwengine hata uupe jina lile lile haukubali.

Mwaka 2023 nilikuwa Chake, Pemba, nafanya kazi ya bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, cheti cha kununua cha mwaka mzima. Asubuhi nikatengeneza ufunguo na ombi, ombi nikalituma kwa wauza cheti, nikaambiwa nisubiri uhakiki. Jioni wasiwasi ukanishika kama jina la domeini nimeliandika sawa, nikairudia komandi ile ile ndani ya folda ile ile, faili jina lile lile server.key. OpenSSL, programu ya kutengenezea funguo, haikuniuliza kitu, ufunguo wa asubuhi ukafutwa ukaandikwa mpya juu yake na mie sina habari, ombi lililokuwa kule ni la asubuhi.

Siku ya pili, Ijumaa, cheti kikaja. Nikakiweka, nikaizima nginx, ile programu inayoitoa tovuti, niiwashe upya, haikuwaka, inasema ufunguo na cheti havilingani. Nikadhani faili limeharibika njiani, nikalipakua tena, mara ya pili, mara ya tatu, huku adhana inapigwa na simu inaita, "Mwanangu, wageni wananambia tovuti haifunguki kabisa, na kuna watu wanataka kulipa leo." Niliporudi msikitini ndo nikakumbuka kupima, nikatoa modulus, ile namba ndefu inayotakiwa iwe moja kwa cheti na kwa ufunguo, ya cheti na ya ufunguo nikazipitisha kwenye md5 inayozifupisha, mistari miwili kwenye skrini, wa kwanza unaanza 9c4 wa pili unaanza e17. Ufunguo wa asubuhi haupo popote. Ikabidi kuomba cheti kitolewe upya kwa ombi jengine, hawakunidai pesa lakini tovuti ililala mpaka baada ya magharibi, na yule bibi wageni wake wakenda kwengine. Bado linaniuma.

Kwa hivyo yakhe, kila domeini folda yake, jina la faili libebe tarehe. Ufunguo ukitoka tu uufanyie chmod 600, asiusome mwengine ila mwenye faili, na kopi moja iliyofungwa kwa paswedi uiweke kwenye fleshi nyumbani. Cheti kikija kilinganishe kwanza na ufunguo, halafu nginx -t inayopima mipangilio, halafu ndo reload, yaani isome upya bila kuzimwa, usizime kitu kinachofanya kazi. Weka na vile vyeti vya kati, vinavyokiunga cheti chako na cha mtoaji mkuu, bila hivyo kompyuta yako itafungua na simu za watu zitalalamika.

Ufunguo haupiti WhatsApp. Hautengenezwi kwenye kompyuta ya watu wote. Hauwekwi public_html, folda inayoonekana na kila mtu mtandaoni, hata dakika tano. Anaekwambia umtumie ufunguo ili akupe cheti usimpe, anachohitaji ni ombi tu. Ukivuja, futisha cheti na uanze na ufunguo mpya, sio ule ule.

Tarehe andika mwenyewe kwenye simu. Vya Let's Encrypt vimezoeleka siku 90 na imeili za kukumbusha waliziacha Juni 2025, vya kununua navyo vinafupishwa, ikifika Machi 2029 havitazidi siku 47, kwa hivyo jifunze mapema kuvifanya vijihuishe vyenyewe.

Na ujue paswedi ya akaunti ya domeini anayo nani, na ile imeili ya admin inafunguka au imeshakufa, na kazi hii usiianze Alkhamisi usiku wala siku unayopanda boti bandarini Mkoani, hapo katikati ya bahari mtandao unakata na seva umeiacha nusu.