SOMO: Kuosha baiskeli ya umeme ya milimani bila kuua mota

Wakuu, swali hili nimelijibu kwenye meseji mpaka vidole vimechoka. Kila mvua za Novemba zikishika, watu wanashuka mlima Loleza hapa Mbeya wametapakaa tope, kisha wanauliza kama maji yataunguza mota. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hili.

Andaa ndoo, kopo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sponji, brashi laini, mswaki wa zamani na vitambaa viwili. Kimoja kiwe cha cheni tu.

1. Acha ipoe. Diski za breki zikitoka mteremkoni zinaunguza.

2. Zima, toa betri, toa na skrini kama inatoka. Weka ndani ya nyumba. Tundu la betri lifunike kwa nailoni, kaza kwa kamba ya mpira.

3. Iache isimame kwa magurudumu yake. Ukiipindua, maji yanatiririkia kwenye swichi za usukani.

4. Maji. Hapa ndipo baiskeli zinapofia. Mashine ya presha ya waosha magari usiikaribie, hata kijana akuapie kwamba atapiga kwa mbali. Mifumo mingi ya baiskeli hizi ina kiwango cha kuzuia maji cha IPX4, yaani inahimili maji ya kurukia kutoka upande wowote, basi. Maji ya kusukumwa ni habari nyingine. Yanapenya kwenye sili za beringi (mipira inayoziba beringi), yanafukuza grisi, yanaacha mchanga ndani. Na siku hiyo huoni kitu! Baiskeli inang'aa, unaipiga picha. Baadaye gurudumu la nyuma linaanza kuguna, ukifungua unakuta grisi imekuwa uji wa kijivu na gololi zimeota kutu. Za kwangu ziko kwenye droo, anayebisha aje azione.

Kwa hiyo tumia kopo, au mpira wa maji usioubana mdomo kwa kidole. Kubana kwa kidole nako ni presha. Mwagia kutoka juu, tope lilowe lenyewe, ndipo upitishe sponji yenye sabuni. Udongo wa huku una chenga za volkano, ukisugua mkavu unakwangua rangi na zile nguzo zinazong'aa za shokapu ya mbele. Mota, plagi za waya na kitovu cha magurudumu vipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Usivimwagie.

5. Cheni: kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, zungusha pedeli kinyumenyume, mswaki kwenye giya. Diski zikae mbali na mafuta hayo. Pedi zikishanyonya mafuta, breki inapiga kelele na haishiki, na dawa yake ni kununua pedi mpya.

6. Suuza, kausha, tia oili ya cheni tone moja kila kiungo, futa inayozidi. Betri irudi vituo vyake, pale umeme unapopita, vikiwa vikavu kabisa.

MASWALI

Kijana wa Mafiati: Mkuu, nikiipeleka kwa waosha magari nikawaambia wapunguze presha?
Jibu: Soma namba 4.

Kijana wa Mafiati: Nimesoma, ila wale jamaa ni wazoefu.
Jibu: Wa magari. Baiskeli ni yako, mkuu.

Binti Tukuyu: Shikamoo fundi. Huku kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba, naendesha nikilowa na haijawahi kuzima. Kwa nini mvua isiiue, mashine iiue?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana hilo. Mvua inaanguka kwa uzito wake tu, ikigonga sili inateleza. Mashine inayasukuma maji mpaka yanainua mdomo wa sili. Ndiyo maana vipimo vimetenganishwa: IPX4 ni ya kurukiwa, IPX5 na IPX6 ni za maji ya kupulizwa, IPX7 ni ya kuzama mita moja kwa dakika 30. Angalia kijitabu chako utaona yako ni ipi. Na ukivuka mto, kitovu kikizama, hiyo si mvua tena. Ibebe.

Mzee wa Ipogolo: Yangu ilipigwa presha jana, leo inaonyesha alama ya hitilafu. Niichaji nione?
Jibu: Usichaji, mzee wangu. Toa betri, acha tundu wazi kwenye upepo, kivulini, hata siku mbili. Betri ikivimba, ikinuka au ikipata joto yenyewe, itoe nje ya nyumba, uite fundi.

Kijana wa Mafiati: Ifukie kwenye mchele, unanyonya maji.
Jibu: Mchele wa Kyela tunakula. Unaacha vumbi kwenye vituo vya betri.

Wa Makete: Asubuhi za Juni huku kuna sakitu, betri inalala stoo. Kuna shida?
Jibu: Kuichaji chini ya nyuzi 0 kunaiharibu kabisa. Ilale ndani, ipate joto la nyumba, ndipo uchaji.

Binti Tukuyu: Na oili chafu ya gari kwenye cheni? Fundi wa hapa ndiyo anayotumia.
Jibu: Ina chembe za chuma, dada, inasaga meno ya giya. Mafuta ya kula nayo yanaganda. Kwa mvua za kwenu chukua oili nzito ya cheni. Kiangazi vumbi likianza, hamia nyepesi.