Mlango mdogo wa jiko ndio unaookoa mkaa

Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linakutaka ubadilishe mazoea. Bakuli lake la udongo ni dogo makusudi: mkaa usipite ukingo wake. Ukirundika, sufuria inakalia makaa badala ya mafiga, hewa inabanwa, na gesi ya sumu isiyo na harufu inaongezeka. Pikia penye hewa hata hivyo.

Kinachosahaulika sana ni mlango wa chini. Uache wazi unapowasha, hadi sufuria ichemke. Maharage yakianza kutokota, usukume ubaki upenyo wa kidole kimoja. Wengi wanauacha wazi mwanzo hadi mwisho, mkaa unaisha, kisha lawama zinaliangukia jiko. Na kabla ya kuwasha toa majivu ya jana, uzibue matundu ya chini ya bakuli kwa kijiti. Hewa yote inayopanda kwenye makaa hupitia hapo.

Tafadhali, usizime kwa maji. Udongo wa moto ukimwagiwa maji hupasuka, na saruji inayoushikilia kwenye bati huachia. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, uliache nje. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yanawaka upya.

Dukani, gonga udongo kwa kidole: mlio mkali ni mzuri, mlio mzito huashiria ufa.