SOMO: Kupaka sakafu ya gereji epoksi isiyobanduliwa na matairi

Kila mara naulizwa jambo moja: "Fundi, nimepaka gereji rangi ya bei, mbona inatoka pale tu gari linaposimama?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa ujumbe, nimejibu nikiwa kwenye mjengo mikono imejaa simiti. Leo naandika yote mahali pamoja. Ukiniuliza tena nitakutuma hapa.

Rangi hushika kile inachokikuta juu kabisa. Ikikuta vumbi, hushika vumbi. Gari likitoka Thika Road saa nane mchana matairi yana moto na yametanuka. Yakitulia gerejini hupoa, hunywea, na huvuta rangi iliyo chini yao. Kama konkriti imeishika rangi sawasawa, hakuna kitakachotokea. Kama hapo katikati kuna unga, rangi inang'oka kama chapati kwenye kikaango.

Rangi ya kununua ni epoksi ya makopo mawili, A (rangi yenyewe) na B (kigumishi chake). Rangi ya mafuta ya milango iache kwenye milango: konkriti ina alkali, ikipata unyevu huyageuza mafuta ya rangi ile kuwa kama sabuni. Zile za kopo moja zilizoandikwa "epoksi" zinafaa stoo, si mahali pa gari.

1. Toa vitu vyote, fagia.

2. Sakafu mpya iache ikomae siku 28. Kukauka juu si kukomaa.

3. Pima unyevu. Kata polithini safi ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Iache saa 16 au zaidi, usiku kucha ni sawa. Ukifungua ukute matone chini yake, au konkriti imegeuka nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Fanya hivyo sehemu kadhaa, hasa karibu na kuta. Walio kwenye udongo mweusi, Embakasi, Syokimau, Kitengela, msiruke hatua hii: udongo ule unakunywa maji na kuvimba, na kama aliyejenga hakuweka polithini chini ya slabu, maji hayana pa kwenda ila juu. Kipimo kikikataa, kirudie Februari, kabla ya mvua za masika. Kikikataa tena, unahitaji praima maalumu ya kuzuia unyevu, au uiache sakafu bila rangi.

4. Mafuta. Dawa ya kutoa grisi, maji moto, brashi ngumu. Suuza, rudia. Usitumie petroli, utachoma nyumba. Mafuta taa nayo yanasukuma oili ndani zaidi. Hii hufanywa kabla ya kusaga, kwa sababu mashine itasambaza mafuta sakafu nzima. Ukishamaliza, dondosha maji pale palipokuwa na doa: yakisimama kama shanga, mafuta bado yapo.

5. Ondoa niru. Hapa ndipo kazi nyingi za Nairobi zinakufa, kwa hiyo soma polepole.

Fundi wetu akimaliza kumwaga sakafu hunyunyiza simiti kavu, au humwaga uji wa simiti, kisha husugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Ndiyo niru. Kwa kupiga deki ni nzuri sana na inapendeza. Kwa epoksi ni adui. Imeziba vitundu vyote ambavyo rangi ingeingia, na mara nyingi yenyewe haijashikana vizuri na konkriti iliyo chini, hasa kama iliwekwa baada ya slabu kukauka. Epoksi ina nguvu na hujikaza ikigumika. Inashika ile ngozi nyembamba, halafu matairi yanazivuta zote mbili pamoja.

Ukitaka ushahidi, chukua kipande kilichobanduka ukigeuze. Kama mgongoni kina unga wa kijivu, rangi yako haikuwa na kosa lolote. Niru ndiyo iliyoachia. Nimeitwa kwenye sakafu nyingi ambapo mwenye nyumba alikuwa tayari kugombana na duka, na jibu lilikuwa mgongoni mwa kipande.

Dawa yake ni kusaga. Kodisha mashine ya kusagia sakafu yenye mawe ya almasi na kivuta vumbi. Pembeni na kwenye kona tumia grinda ndogo yenye kikombe cha almasi. Saga mpaka mng'ao uishe kabisa, uone chembe za mchanga, na kiganja kihisi kama unapapasa msasa. Mwaga maji: yazame haraka, kila mahali. Sehemu ikilia "kopo kopo" ukiigonga kwa mpini wa nyundo, iko wazi chini. Ibandue yote ujaze upya, usiipake hivyo hivyo.

ONYO la kwanza: vumbi la konkriti lina silika, na silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Barakoa ya kitambaa haifai. Vaa yenye vichujio, fungua milango, watoto wakae mbali.

ONYO la pili, asidi. Wengi humwaga asidi ya haidrokloriki kwa sababu ni rahisi kuliko kukodisha mashine. Inafanya kazi kwenye konkriti ngumu isiyo na niru. Kwenye niru nene inakula juu tu, ngozi inabaki, na wewe unaondoka ukiamini umemaliza. Ikiwa huna njia nyingine: maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, asidi ndiyo ifuate, usigeuze kamwe. Miwani, glavu za mpira, gambuti. Gari, baiskeli na vyombo vya chuma vyote vitoke nje, mvuke wake unaleta kutu. Ikiacha kutoa povu, suuza, mwaga maji yenye magadi kuua ukali, sugua, suuza tena mara mbili. Halafu rudi kwenye polithini, kwa sababu sasa umeilowesha sakafu yote. Na usichanganye asidi na jiki hata tone. Inatoka gesi ya klorini, na gereji ni chumba kidogo.

6. Nyufa zilizotulia zipanue kidogo kwa grinda, toa vumbi, jaza kwa epoksi nzito, saga zilingane. Ufa unaotembea, ule unaofunguka kiangazi na kujifunga masika, hautatulizwa na rangi. Weka silanti ya polyurethane inayonyumbulika.

7. Vuta vumbi kwa mashine, si ufagio. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka cheupe, rudia.

8. Hesabu na kuchanganya. Epoksi isiyo na maji wala thina ndani, lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni unene wa milimita 1. Kwa unene wa robo milimita, lita 1 inafunika mita 4 za mraba. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni mita 18, kwa hiyo lita 4 na nusu, na uongeze kidogo kwa sababu sakafu iliyosagwa inakunywa. Rangi ambayo nusu yake ni maji au thina itaacha nusu ya unene huo ikikauka. Ndiyo maana kopo la bei nafuu si nafuu.

Koroga A peke yake, mimina B yote, koroga kwa drili ya polepole dakika 3, ukikwangua chini na pembeni. Kisha hamishia kwenye ndoo nyingine safi ukoroge tena kidogo, kwa sababu kilichoganda ukutani mwa ndoo ya kwanza hakikuchanganyika na kitabaki kikinata sakafuni. Mchanganyiko ukikaa ndani ya ndoo unajipasha moto wenyewe na kugumika mikononi mwako. Umimine sakafuni upesi.

9. Brashi pembeni, rola katikati, anza ndani utokee mlangoni. Paka jioni. Asubuhi jua linapasha slabu, hewa iliyomo inapanda na kukuachia vitundu. Jioni slabu inapoa na kuivuta rangi ndani. Mkono wa pili ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa 24. Ukichelewa, piga msasa kwanza.

10. Miguu baada ya siku 1, gari baada ya siku 7. Julai kuna baridi, ongeza.

---

Maswali

Mkazi wa Donholm: Shukrani fundi. Niru yangu ni laini kabisa na haina ufa. Naweza kupaka bila kusaga?

Jibu: Hatua ya 5.

Mkazi wa Donholm: Nimesoma, lakini yangu ni nzuri sana, fundi aliipiga vizuri.

Jibu: Kadiri alivyoipiga vizuri ndivyo itakavyokataa rangi. Saga.

Bosi wa Matatu: Jumla ni pesa ngapi?

Jibu: Sijui gereji yako ina ukubwa gani, ina mafuta kiasi gani, wala kama unyevu unapanda. Pima urefu na upana, fanya kipimo cha polithini, uje na majibu. Bei ya kubahatisha itakudhuru wewe.

Fundi Rangi Kasarani: Miaka yote natumia asidi na hakuna mteja aliyenirudia. Unatutisha watu bure.

Jibu: Ndugu, sijasema asidi haifanyi kazi. Nimesema inafanya kwenye konkriti ngumu, na huenda ndizo ulizopata. Na mteja kutorudi si lazima awe ameridhika, wengine huita mtu mwingine. Onyo la mvuke na la jiki sitalifuta.

Mama Tatu: Fundi, nimefanya ulivyosema, nimegeuza kipande kilichobanduka. Mgongoni hakuna unga wa kijivu. Kuna kitu cheupe kama chumvi, na sakafuni pia pako vivyo hivyo. Palikuwa na malengelenge kabla ya kutoka. Hii ni niru pia?

Jibu: Hapana dada, na asante kwa kuangalia kwa makini. Hiyo ni chumvi kweli. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanayeyusha chumvi zilizo ndani ya konkriti, yakifika juu yanakauka na kuziacha. Yakizuiwa na rangi yanasukuma, ndiyo yale malengelenge. Kabla ya kununua chochote tafuta maji yanakotoka. Angalia kama ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya gereji, kama bomba la paa linamwaga kando ya ukuta, kama tangi linavuja. Mara nyingi mtaro mdogo unaopeleka maji mbali na ukuta unamaliza nusu ya tatizo. Fagia chumvi ikiwa kavu, usiioshe, maji yatairudisha ndani. Rudia polithini baada ya wiki kadhaa za jua, na uniandikie ulichokikuta.

Mama Tatu: Bomba la paa linamwaga pale pale kwenye kona. Sikuwahi kulifikiria. Nitaanzia hapo.

Mpangaji wa Buruburu: Yetu ni ile sakafu nyekundu ya zamani, inapigwa polishi kila Jumamosi. Itashika?

Jibu: Miaka ya polishi ni miaka ya nta, na hakuna kinachoshika juu ya nta. Itolewe kwa dawa ya kutoa nta, mara kadhaa, kisha usage. Ukisaga kwanza, joto la mashine litaiyeyusha na kuipaka kila mahali. Na kwa kuwa umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Epoksi haitoki ukihama.

Rongai Juu: Gari langu linakaa chini ya mabati tu, pande tatu ziko wazi. Jua la jioni linaingia.

Jibu: Epoksi huwa ya manjano na kufifia kwa jua. Juu yake weka mkono wa polyurethane, huo unavumilia. Na kwa kuwa mvua itaingia, nyunyiza mchanga msafi, mkavu, uliochekechwa, juu ya epoksi ikiwa bado mbichi, kabla ya mkono wa mwisho. Epoksi tupu ikilowa inatelezesha mtu vibaya.

Fundi Mbao: Niongeze kidogo. Rola mpya huacha manyoya. Izungushieni selotepu mkaibandue kabla ya kuichovya, inatoka safi.

Jibu: Kweli kabisa, asante fundi. Nami niongeze: msitandike zulia la mpira mweusi juu ya epoksi mpya. Mpira unaacha doa la kahawia ambalo halitoki kwa sabuni yoyote.

Limuru Baridi: Nilifungua kopo la A leo asubuhi, limejaa chembe kama asali iliyoganda. Limeharibika? Duka linakataa kulirudisha.

Jibu: Kama kopo halijapita tarehe yake, halijaharibika. Baridi imeligandisha, huko kwenu Julai ni kawaida. Weka kopo ndani ya beseni la maji moto, moto unaovumilika na mkono wenye glavu, ukikoroga mara kwa mara mpaka liwe angavu lote, hata chembe moja isibaki. Kisha liache lirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kutia B, la sivyo litagumika ndani ya ndoo. Na usipake leo usiku huko Limuru. Epoksi nyingi hazigumiki vizuri chini ya nyuzi 10, na asubuhi utakuta utando wa grisi juu yake. Ukiukuta, osha kwa maji vuguvugu na sabuni, suuza, ukaushe, ndipo mkono wa pili.