Kagua nafasi ya kazi kabla hujasaini

Mwanachuo wa mwaka wa mwisho hufundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Kumkagua mwajiri hafundishwi. Utumwa mamboleo haumngoji asiyesoma peke yake: wahitimu wanaojua kompyuta na lugha za kigeni wameahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakaishia kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar.

Anza na mwajiri. Usitumie namba wala kiungo kilichomo kwenye tangazo. Tafuta kampuni kwa msajili wa kampuni wa nchi husika, pata simu yake kwenye tovuti rasmi, piga, uliza kama nafasi hiyo ipo na kama aliyekuandikia ni mfanyakazi wao. Soma anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, maana matapeli huongeza kistari au herufi moja kwenye jina la kampuni ya kweli. Leseni ya wakala wa ajira ithibitishwe na wizara ya kazi. Picha iliyotumwa kwa simu si uthibitisho. Na ukisailiwa kwa ujumbe mfupi tu, bila swali hata moja la fani yako, kisha ukatajiwa mshahara mnono, achana nao.

Kwenye pesa ndipo wengi hunaswa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi na si nchi zote zimeuridhia. Kauli ya kuogopa zaidi ni "tutakulipia, utakatwa kwenye mshahara". Piga hesabu: deni 3,000, mshahara 400, makato ya chakula na malazi 250. Zinabaki 150 kwa mwezi. Utalipa deni kwa miezi 20 bila kutuma hata senti nyumbani, na hapo hakuna riba wala faini. Kila makato yaandikwe kwa tarakimu. "Gharama nyinginezo" isiachwe wazi.

Mkataba uupate kabla ya kusafiri, kwa lugha unayoielewa, ukitaja mahali pa kazi, saa, mshahara, mapumziko na namna ya kuacha kazi. Jina la mwajiri lilingane na lile la kwenye kibali cha kazi. Usikubali viza ya utalii kwa ahadi kwamba itabadilishwa ukifika: ukifanya kazi nayo unakuwa umevunja sheria, na mwajiri mbaya atakutisha kwa polisi kila ukidai haki yako. Ukipewa mkataba mwingine uwanja wa ndege au kazini, linganisha kipengele kwa kipengele kabla ya kusaini.

Mwachie ndugu nakala ya mkataba, pasipoti, tiketi na anwani unakokwenda. Pangeni siku ya kupigiana simu na sentensi ya siri ya kawaida kabisa, kwa mfano kumuulizia shangazi ambaye hayupo, kwa sababu simu huweza kusikilizwa. Pasipoti ibaki mkononi mwako. Kunyang'anywa hati ni moja ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa zilizoorodheshwa na ILO.

Ndugu akiisikia sentensi hiyo asimpigie wakala. Aende polisi, wizara ya mambo ya nje na ofisi ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji akiwa na nakala zile na mahali ulipoonekana mara ya mwisho.