Ndevu zinywe maji kwanza: maandalizi ya kunyoa kwa brashi, sabuni na wembe

Vipele vikitokea shingoni, wengi hubadilisha wembe, halafu mashine (kile kishikio chenye mpini na kichwa kinachobana wembe), halafu sabuni. Mara nyingi kosa lilishafanyika dakika chache kabla ya wembe kushikwa: ndevu zilikuwa zimelowa juujuu tu. Udevu umejengwa kwa keratini, na keratini hunywa maji. Ukishashiba maji hunenepa kidogo, hulegea, na wembe huukata bila kutumia nguvu nyingi. Ukiwa mkavu, wembe huuvuta na kuuinamisha kwanza, ndipo uukate, na wakati huo ngozi iliyo kwenye shina lake imeshanyanyuka na kukutana na makali.

Kwa hiyo taulo, mafuta, krimu na brashi vipimwe vyote kwa swali moja: vinasaidia maji yaingie kwenye udevu na yabaki humo, au vinayazuia? Maji ya vuguvugu yanahitaji kama dakika 2 hadi 3 za kugusana na ndevu. Kujirushia maji usoni mara mbili na kupaka povu papo hapo hakufikishi hapo. Maji baridi nayo hulainisha, ila polepole. Anayependa kunyoa kwa maji baridi aongeze muda.

Ramani ya uso

Hii hufanywa mara moja, siku ambayo hunyoi, ndevu zikiwa za siku moja au mbili. Pitisha ncha za vidole kwenye shavu kutoka juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu, kisha kulia na kushoto. Upande ambao vidole vinateleza ndio ndevu zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume. Vidole visipokupa jibu, chukua kipande cha pamba kavu ukiburuze taratibu: kikienda kinyume na ndevu, nyuzi zake hunasa na kubaki zimening'inia.

Mashavuni jibu huwa rahisi, karibu kila mtu ndevu zake hushuka chini. Shingoni ndiko kwenye kazi. Chini ya taya ndevu zinaweza kulala kuelekea sikioni, pembeni mwa kikoromeo zikazunguka kama maji yanayovutwa na tundu la sinki, na chini kabisa karibu na mtulinga zikapanda juu. Mtu aliyezoea kunyoa shingo yote kwa kushusha wembe anaweza kuwa ananyoa nusu ya shingo hiyo kinyume tangu raundi ya kwanza bila kujua. Chora mishale kwenye karatasi, upande wa kulia na wa kushoto mbalimbali, kwa sababu pande mbili za shingo hazifanani. Karatasi ibandikwe karibu na kioo hadi mkono uzoee.

Urefu

Ndevu zikizidi milimita 3 hivi, zipunguze kwanza kwa mashine ya umeme, zikiwa kavu. Udevu mrefu hulala, hujaza nafasi iliyopo kati ya wembe na kichwa cha mashine, na wembe huanza kuruka badala ya kukata.

Kuosha uso

Juu ya ndevu kuna utando wa mafuta ya ngozi, jasho na chochote ulichopaka jana. Utando huo husukuma maji nje. Ndiyo maana kulowesha bila sabuni ni kazi nusu. Tumia sabuni laini ya uso, si ile inayoacha ngozi ikivuta, na isugue kwa vidole kwa sekunde 30 hivi ukizungusha na kwenda kinyume na ndevu ili zisimame na sabuni ifike kwenye shina. Suuza vizuri. Usijifute. Kuanzia hapa hadi raundi ya mwisho uso haupaswi kukauka hata mara moja. Ukisimama kujibu simu, rudi ulowe upya.

Maji yawe na joto kidogo tu kuliko mwili, nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi. Jaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: ukisikia joto zuri, sawa, ukitaka kuuondoa mkono, ni moto mno. Maji ya moto sana huondoa mafuta yote ya ngozi, huifanya iwe nyekundu na kuvimba kidogo, na ngozi ya namna hiyo huwaka hata wembe ukipita kwa upole.

Kuoga kwanza ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa kuwa dakika zote za kulowa zinapatikana bila kuhesabu. Nyoa mara utokapo. Lakini kukaa kwenye maji ya moto kwa dakika 20 si faida maradufu: ngozi yenyewe nayo hunywa maji, ikawa laini mno na kujaa mbele ya wembe. Vilevile, aliyetoka kitandani sasa hivi asubiri dakika 10 hadi 15. Uso huamka umevimba kidogo, na uvimbe huo huficha sehemu ya udevu ambayo itachomoza baadaye mchana.

Taulo la moto

Asiyeoga kwanza atumie taulo. Chukua taulo dogo la mraba, kama sentimita 30 kwa 30, likunje mara mbili, lichovye kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, likamue hadi liache kudondosha. Likandamize usoni, usisugue. Taulo dogo hupoa ndani ya dakika moja, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu. Ukilikamua mno litafyonza maji kutoka kwenye ndevu badala ya kuyapeleka; usipolikamua, maji yatakutiririkia kifuani. Ukiweza, paka kwanza povu jepesi kisha uweke taulo juu yake: povu hushika maji pale pale na sabuni huendelea kuyeyusha mafuta chini ya joto. Kwa ndevu ngumu za kidevuni, hii hushinda mafuta yoyote ya chupani.

Mafuta, krimu na sabuni ya gliserini

Hapa ndipo matangazo yana maneno mengi kuliko kazi. Ngozi ya kawaida, povu zuri na dakika tatu za maji havihitaji kingine. Mafuta ya kabla ya kunyoa humfaa mwenye ngozi kavu au ndevu nene, na kazi yake kubwa ni kupunguza msuguano. Hayalainishi udevu, maji ndiyo hulainisha.

Yakipakwa, yapakwe juu ya uso uliolowa tayari. Ukiyaweka kwenye ndevu kavu umejenga ukuta kabla maji hayajaingia. Kiasi ni matone 3 hadi 5 kwa uso na shingo, yasambazwe kwa sekunde 30, kisha vidole vioshwe kwa sabuni, maana mpini wa mashine unaoteleza ni hatari kuliko ngozi kavu. Matone yakifika kumi, povu huanza kufa: mafuta huvunja viputo, na baada ya dakika moja unabaki na maji meupe yanayoshuka shingoni. Mafuta ya nyonyo peke yake ni mazito; yachanganywe na mafuta mepesi ya mbegu za zabibu, sehemu moja kwa nne. Mwenye chunusi ajiepushe na mafuta ya nazi, kwa kuwa huziba vinyweleo.

Krimu za kabla ya kunyoa, kama ile ya kijani ya Proraso kutoka Italia yenye mikaratusi na mentholi, hupakwa kiasi cha lozi moja na haziondolewi. Povu huja juu yake. Sabuni ya gliserini ya kipande ni rahisi zaidi: isugue moja kwa moja kwenye uso uliolowa, iache utando mwembamba, endelea. Na angalizo moja: vimiminika vya spiriti vinavyouzwa kwa ajili ya mashine za umeme havihusiki hapa. Kazi yake ni kukausha uso na kufanya udevu usimame mgumu, kinyume kabisa na unachotaka.

Brashi na povu

Brashi ya manyoya ya nguruwe iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 3 hadi 5, ikiwa mpya hata 10, kwa sababu manyoya hayo nayo hunywa maji. Usipoiloweka, itanyang'anya maji ya povu lako. Ya manyoya ya nyegere inatosheka na dakika moja. Ya nyuzi za viwandani hainywi kitu, ichovye tu. Sabuni ngumu ya kunyolea weka kijiko kimoja cha chai cha maji ya vuguvugu juu yake wakati brashi inalowa.

Kung'uta brashi mara mbili tatu, isidondoshe wala isiwe kavu. Zungusha juu ya sabuni sekunde 20 hadi 30. Mwanzoni utaona viputo vikubwa. Endelea hadi kwenye ncha za brashi kukae uji mzito, mweupe, unaonata. Hapo hamia usoni, zungusha kwa dakika moja hadi mbili, ukiongeza maji kwa ncha za brashi, matone machache kwa kila mara. Dakika hizo si za kungoja povu tu, ndizo sehemu ya mwisho ya maandalizi: brashi husimamisha ndevu na kusukuma maji shinani. Povu liko tayari linapong'aa kama mtindi ulioganda vizuri, bila viputo vinavyoonekana. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: likiteleza, sawa, likinata, ongeza maji. Kosa la kawaida ni povu kavu lililofura kama pamba. Linapendeza kwenye kioo lakini halina maji, na usoni hukauka kabla hujamaliza shavu la kwanza.

Povu likivunjika kila mara hata ufanyeje, tazama maji. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu ambazo hushikana na sabuni na kutengeneza takataka nyeupe badala ya povu. Jaribio ni kutengeneza povu moja kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Likisimama, umepata jibu. Maji hayo kikombe kimoja yanatosha kwa kulowesha brashi na kutengeneza povu, na kusuuza endelea na ya bombani.

Nywele za kipilipili na vipele vya kudumu

Udevu uliojikunja ukikatwa kwa mshazari hubaki na ncha kali, na unapokua hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Maandalizi yake ni tofauti kidogo. Usiku wa kuamkia siku ya kunyoa, sugua eneo hilo kwa kitambaa laini kilicholowa au brashi laini ya uso, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza, ili kuziachia ncha zilizonasa. Udevu unaoonekana umejipinda kama kitanzi uinue kwa sindano safi isiyochimba ngozi, usiung'oe. Ukiung'oa, mpya utaota chini ya ngozi na kuleta uvimbe uleule. Usivute ngozi wakati wa kunyoa, kwa sababu udevu uliokatwa ngozi ikiwa imevutwa hurudi chini ya uso wa ngozi na kuanzia safari yake humo. Fuata mwelekeo wa ndevu tu, ridhika na raundi moja au mbili. Penye usaha usinyoe kwa wembe. Tumia mashine ya umeme kwa kuacha milimita 1, na vipele visipopungua umwone daktari wa ngozi.

Anayetumia dawa za ngozi zenye tretinoini au asidi za kuchubua, azisimamishe siku moja au mbili kabla, na asisugue uso kwa chembechembe asubuhi ya kunyoa.

Kabla tu ya kugusa

Kagua wembe. Kwa watu wengi wembe mmoja hutosha kunyoa mara 3 hadi 7, kutegemea ndevu, na hakuna maandalizi yanayofufua wembe uliokufa. Hakikisha umekaa sawa: ncha zake zichomoze kwa usawa pande zote mbili za kichwa. Kausha vidole vya mkono usioshika mashine, vigusishe kwenye jiwe la shabu lililolowa. Vitashika ngozi iliyojaa povu bila kuteleza.

Kisha sikiliza. Mpapaso wa kwanza shavuni ukitoa mlio mwembamba wa kukwaruza, kama karatasi inayopasuliwa taratibu, na mashine inapita kwa uzito wake, ndevu zimelowa. Ukiwa kimya na mkono unasikia kuvutwa, simama hapo hapo: suuza, rudisha taulo dakika moja, paka povu upya. Shavuni ni rahisi kusimama. Kidevuni, ambako ndevu ni nene zaidi, umeshachelewa. Ndiyo sababu kidevu na mdomo wa juu huachwa mwisho, ili vikae chini ya povu muda mrefu zaidi.

Ukitaka kujua kama mafuta au krimu fulani inakusaidia, paka upande mmoja tu wa uso kwa wiki nzima, mwingine usipake, mengine yote yabaki yaleyale. Mwisho wa kila kunyoa pitisha shabu pande zote mbili. Upande unaowasha zaidi ndio ulioumizwa na wembe.