Ukungu kwenye majani yaliyooza: utambue kabla ya kununua dawa

Masika yakishika kwenye vihamba vya Kibosho, Machame au Marangu mkoani Kilimanjaro, majani yaliyoanguka chini ya migomba na mibuni huota ukungu wa kila namna: mweupe, kijani, mweusi, hata wa waridi. Wapo wakulima wanaoyakusanya yote na kuyachoma, na wapo wanaokimbilia duka la pembejeo. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Kuvu nyingi unazoziona kwenye jani lililokufa hazikuliua. Zimekuja baadaye kuliozesha, na ndizo zinazorudisha rutuba udongoni.

Basi kabla ya kutafuta jina la kuvu, tafuta kwanza jani lilikufaje. Anzia mtini. Kutu ya majani ya kahawa, Hemileia vastatrix, hukua kwenye jani hai tu, na unga wake wa rangi ya chungwa huonekana upande wa chini. Ukifagia majani yaliyoanguka hujaiondoa kutu, kwa sababu makao yake ni majani yaliyobaki juu. Kazi iko kwenye kupogolea, kupanda aina kinzani na kupiga dawa kwa wakati. Tena ukikuta ukungu mweupe umeufunika ule unga wa chungwa, tulia: huenda ni Lecanicillium lecanii, kuvu inayoila kutu yenyewe.

Kwenye mgomba mambo ni kinyume. Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu, huanza na vistari vya kahawia kwenye jani hai, kisha vinakuwa vidonda vyeusi vyenye kitovu cha kijivu. Jani likishakauka ndipo kuvu hii hukomaza spora, yaani mbegu zake, na zikilowa hurushwa hewani. Jani kavu linaloning'inia mgombani ni hatari kuliko lililolala chini. Likate, kisha yalundike majani yakilaliana ili ya juu yafunike ya chini na yaoze upesi. Kuchoma hakuna haja.

Ukitaka kuona kilichomo ndani ya jani, chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, tandika karatasi ya chooni iliyoloweshwa bila kuchuruzika maji, weka vipande vya jani, funika, acha kivulini. Kagua kila siku kwa wiki moja. Usinuse, spora si kitu cha kuvuta puani. Kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 utaanza kutofautisha: nyuzi ndefu za kijivu zenye vichwa vyeusi ni jamii ya Mucor na Rhizopus, vitone vyeusi vilivyozama ndani ya jani ni vifuko vya spora, matone ya waridi au chungwa yanayonata kwa kawaida ni Colletotrichum, ambayo nyingi zake kwenye mbuni hazina madhara. Ile inayoleta ugonjwa wa chulebuni, Colletotrichum kahawae, hushambulia buni changa.

Rangi peke yake hudanganya. Trichoderma, rafiki wa mkulima, ni ya kijani. Penicillium nayo kijani. Aspergillus flavus, inayotoa sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ni ya kijani-njano. Hapa panahitaji hadubini, na shule ya sekondari yenye maabara ya baiolojia huwa nayo. Mwalimu akiombwa kwa staha hakatai. Gusa ukungu kwa selotepu angavu, ibandike juu ya tone la maji kwenye kioo cha hadubini, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Aspergillus ina kichwa cha duara kilichozungukwa na minyororo ya spora. Penicillium hugawanyika matawi kama ufagio. Spora za Fusarium ni ndefu, zimepinda, zina kuta ndogo zinazozigawa ndani; za Alternaria ni nyeusi, zenye kuta za wima na za mlalo.

Wataalamu hupanga kuvu hizi kwa namna zinavyozaa spora. Kundi la Ascomycota, kubwa kuliko yote, hutunza spora zake, kwa kawaida 8, ndani ya kifuko. Basidiomycota ndilo lenye uyoga, na kutu pia imo humo. Usishangae kitabu cha zamani kikiita Sigatoka nyeusi Mycosphaerella fijiensis na kipya Pseudocercospora fijiensis. Zamani kuvu moja iliruhusiwa kuwa na majina mawili kulingana na hatua yake ya kuzaa; tangu Januari 2013 kanuni ni jina moja.

Kopo na hadubini ya shule vitakufikisha kwenye jenasi, yaani jina la kwanza kama Fusarium, mara chache kwenye spishi, yaani jina kamili. Ikiwa uamuzi wa dawa unategemea jina kamili, peleka sampuli: kahawa kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, Lyamungu; mazao mengine kwenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, Ngaramtoni, Arusha. Chagua jani lenye mpaka kati ya sehemu nzima na iliyougua, lifunge kwa gazeti. Kwenye mfuko wa nailoni litatoka jasho, na hadi ufike mjini kuvu za kuozesha zitakuwa zimeifunika ile unayoitafuta. Andika zao, aina, kijiji, tarehe na dawa uliyopiga mwisho.