Boti ya Kwanza ya Kuvulia: Tangulia na Vifaa vya Kukurudisha

Mtu akishapata boti yake ya kwanza ya kuvulia, pesa iliyobaki mfukoni hukimbilia fimbo, ndoano na kile kioo kinachoonyesha samaki chini ya maji. Si ajabu, maana hivyo ndivyo vilivyomtia hamu ya kununua boti tangu mwanzo. Hata hivyo, kama orodha ni ndefu na pesa ni kidogo, kila kifaa kipime kwa swali moja kabla hujakilipia: siku mambo yakiharibika, kitanisaidia kurudi? Kama kitasaidia, kitangulie. Vya kumshawishi samaki vitafuata.

Anza na boti yenyewe ikiwa bado nchi kavu, hasa kama imeshapita mikononi mwa mwingine. Kagua ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, pale injini inapofungwa. Shika injini kwa chini, iinue na kuishusha kwa nguvu kidogo huku ukitazama kama ubao unacheza. Ukicheza, huenda mbao za ndani zimelowa na kuoza ingawa rangi ya nje inang'aa, na hiyo ni kazi ya fundi, si ya kuzibaziba. Kisha tafuta kizibo cha tundu la kutolea maji. Boti nzima kabisa huweza kuzama gatini kwa sababu tu mwenyewe alikichomoa ili maji yatoke, akasahau kukirudisha. Ukikichomoa, kifunge pamoja na ufunguo wa injini. Hutaweza kuwasha bila kukishika mkononi.

Boti nyingi za kiwandani zina kibao kinachotaja idadi ya watu na uzito zinaoweza kubeba. Wengi husoma idadi wakaruka uzito. Ndani ya uzito huo yamo mafuta, nanga, betri na sanduku la barafu. Lita 100 za maji ni kilo 100, yaani mtu mzima mwenye mwili ambaye hukumhesabu. Maji yaliyoingia ndani ni mabaya zaidi, kwa kuwa boti ikilala upande mmoja nayo hukimbilia upande huo huo na kuilaza zaidi. Kwa hiyo hakikisha pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayotuama chini ndani ya boti, inafanya kazi, na karibu yake weka ndoo imara ya kuchotea maji hayo, yenye kamba. Betri ikiisha, ndoo ndiyo itakayobaki.

Injini nyingi za nje hupozwa na maji zinayoyavuta zenyewe, na dalili kwamba yanapita ni mchirizi unaoruka nje kwa nyuma. Jizoeze kuutazama kila unapowasha. Ukikatika, zima: huenda mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuvutia maji, au impela, yaani kile kigurudumu cha mpira kinachoyasukuma, imechakaa. Kwa sababu hiyo hiyo usiiwashe injini nchi kavu bila kuiunganishia bomba la maji, hata kama unataka kusikia mlio tu. Impela huharibika upesi ikizunguka pakavu. Kama injini ni ya mipigo miwili, fuata uwiano wa petroli na oili uliotajwa na mtengenezaji. 50 kwa 1 ni wa kawaida, lakini si wa injini zote.

Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba ambalo huligusi eti kwa kuwa samaki wamesogea kidogo. Mkiwa na upepo na mawimbi usoni, safari ya kurudi hula mafuta kuliko ya kwenda. Beba plagi za akiba na spana yake, chujio la mafuta, na pini ya rafadha, yaani panga la injini linalosukuma boti, kama injini yako ni ya kutumia pini. Makasia yawemo hata kama unaona haya kuyabeba. Kumbuka pia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ngamani. Katika boti yenye injini ya ndani, pitisha hewa humo kabla ya kugusa swichi. Kizima moto kikae mahali utakapokifikia bila kuvuka moto wenyewe.

Halafu kuna ile kamba fupi nyekundu ya kuzimia injini. Ncha moja hufungwa kwa nahodha, nyingine kwenye swichi. Ukirushwa majini, injini inazima. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu huweza kuzunguka na kukurudia wewe uliye majini, rafadha ikiwa bado inakata. Mwenye boti mpya huiona kero kwa sababu inamzuia kwenda huku na huko. Hiyo ndiyo kazi yake: ukitaka kuondoka kwenye usukani, punguza mwendo na uzime kwanza.

Kwenye jaketi la kuokolea maisha sina mzaha. Lililofungiwa sandukuni ni mzigo tu. Nunua linalomtosha kila mtu kwa uzito wake, la mtoto liwe la mtoto na lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, maana lisilobana hupanda na kumwacha mvaaji azame chini yake. Kwa maji ya baridi, walimu wa uokoaji hufundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi inayokukimbia, dakika 10 hivi za mikono na miguu kukutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Tazama hiyo 10. Hodari wa kuogelea naye huishiwa na mikono, na jaketi huwezi kulivaa vizuri ukiwa tayari unahangaika. Ngazi ya kupandia nayo iwe ya aina unayoweza kuishusha ukiwa majini. Jaribu kujivuta juu ya ukingo wa boti ukiwa na nguo zilizolowa utaelewa kwa nini. Na wanaume, tusifichane: kusimama ukingoni kukojoa ni njia ya zamani sana ya kutumbukia. Tumieni ndoo.

Nanga si ya kuvulia tu. Injini ikizima karibu na miamba, nanga ndiyo breki pekee uliyo nayo. Ifunge kwanza kwenye mnyororo, kisha kwenye kamba, na utoe urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Ukitoa kidogo, nanga hunyanyuliwa badala ya kuburutwa ikajichimbia. Itie kwa omo, yaani mbele, kamwe si kwa tezi. Tezi ni fupi na imebeba injini, wimbi likiipiga ikiwa imefungwa maji huingia moja kwa moja. Hapa ndipo kile kioo cha samaki kinapostahili bei yake, kwa kuwa kinakusomea kina.

Simu iweke kwenye mfuko usiopenya maji, lakini usiitegemee peke yake. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ya mkononi na inayoelea, husikika na kila chombo kilicho karibu kinachosikiliza chaneli ya 16, ambayo ndiyo ya dharura. Dharura ikiwa ya kufa na kupona, tamka MAYDAY mara tatu, jina la boti, mahali ulipo, tatizo, na idadi ya watu. Kwa anayekwenda mbali, kitoa ishara cha megahezi 406 hupeleka habari kwa satelaiti. Mafataki ya ishara yana tarehe ya mwisho, isome.

Taa za njia: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Na usidhani kwamba kuvua kunakupa haki ya kupishwa. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano haziihesabu boti inayokokota mishipi kuwa iko kazini kuvua. Anayehesabiwa ni yule ambaye wavu au zana yake inamzuia kugeuka.

Vifaa vya uvuvi vyenyewe ni vichache: fimbo mbili, koleo refu la kung'olea ndoano, kisu kikali cha kukatia kamba iliyojisokota kwenye rafadha, glavu, barafu. Maji ya kunywa yazidi unavyodhani.

Safari ya kwanza nenda bila ndoano hata moja. Chagua asubuhi tulivu, zunguka, simama, rudi kinyumenyume, egesha mara kadhaa. Tupa boya majini ujifanye ni mtu, ulirudie ukiielekeza omo kwenye upepo, ulikamate injini ikiwa imezimwa. Nchi kavu mwachie mtu mmoja karatasi: jina na rangi ya boti, mnakokwenda, mko wangapi, na saa ya kurudi. Ongeza na saa ya pili, ile ambayo ikipita bila kusikia kutoka kwako, apige simu kwa waokoaji bila kwanza kujiuliza kama utakasirika.